Serikali haijawahi kutoka sokoni, imehama upande: tuanzie hapa Kilindini

MwanaWaKuli

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaopita humu.

Uzi huu ni mrefu, naomba muusome wote kabla ya kunijibu. Wiki iliyopita tulibishana juu ya bei ya unga na maneno yakagawanyika pande mbili kama kawaida. Upande mmoja wasema serikali itoke kwenye biashara, iache soko lijiendeshe. Upande wa pili wasema serikali ya zamani ilitulea, ya sasa imetutupa. Mimi sikubaliani na wowote. Wote wadhani kuna siku ubepari ulitembea peke yake, serikali ikakaa barazani ikitazama. Kwa hapa Mombasa siku hiyo haikuwahi kuweko. Kila uchumi ulipoyumba serikali ilikuwa papo hapo. Kinachobadilika ni yasimama na nani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme, ikafanya kazi zake kutoka hapa Mombasa. Ilikuwa mali ya watu binafsi, wenye hisa wako Uingereza, lakini ilikuwa na ruhusa ya kutoza ushuru, kuweka askari na kutawala watu. Kampuni yenye bendera na bunduki. Haikufika mbali. Gharama za kuingia bara hadi Uganda ziliimeza, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi yenyewe. Wenye kampuni hawakuondoka mikono mitupu. Walilipwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwenye akiba ya Sultani wa Zanzibar, ile aliyolipwa na Wajerumani walipochukua pwani ya Tanganyika. Yaani watu walishindwa biashara yao, wakafidiwa kwa thamani ya pwani yetu. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka hapa kwa fedha za serikali, ikafika Kisumu 1901. Ilijengwa na serikali, kisha wafanyabiashara wakaitumia.

Shuleni twafundishwa haya kama habari za ukoloni tu. Mimi nayasoma pia kama mara ya kwanza kwetu kampuni kuokolewa na hazina ya umma.

Sasa tuje kwa babu yangu. Alikuwa kibarua wa meli hapa bandarini Kilindini, kazi ya siku moja moja. Alfajiri wasimama, nyapara achagua, asiyechaguliwa arudi nyumbani. Mfumo huo uliwafaa sana wenye makampuni ya kupakia na kushusha, maana meli zikiwa nyingi watu wapo, meli zikiwa chache hakuna wa kulipwa. Hasara yote ya bahari kuwa shwari bila meli ilikuwa ya kibarua na watoto wake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei zilipanda, nyumba zikawa shida, mishahara ikabaki palepale. Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waligoma, wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata wapishi wa majumbani. Wakaunda chama chao cha wafanyakazi wa Kiafrika, na Chege Kibachia akatokea kuwa kiongozi wao. Mgomo ulikaribia wiki mbili. Serikali ikaunda baraza la kuchunguza na mishahara ikaongezwa, lakini Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitie maanani. Katika miaka ya 1950 serikali ileile ya kikoloni, pamoja na waajiri, ilianza kuondoa kazi ya kibarua bandarini. Watu wakaandikishwa, kisha wakawa wa mwezi, wenye mshahara unaojulikana. Haikuwa huruma. Waliogopa mji uliojaa wanaume ambao hawana cha kupoteza wakigoma. Lakini baba yangu alipoingia bandarini, aliingia kama mtu wa mwezi, mwenye likizo na malipo ya uzeeni. Nyumba niliyozaliwa, karo yangu, hata ndoa ya dada yangu mkubwa, vyote vilitoka kwenye uamuzi ule.

Katika miaka ya 1990 alifutwa kazi. Walioamua siwataji hapa, wala si yeye peke yake. Alipewa barua na bahasha, akaambiwa shirika linapunguza uzito. Kazi haikuondoka, meli hazikupungua. Miezi michache baadaye gati lilelile lilikuwa likihudumiwa na vijana walioletwa na kampuni ya kuajiri watu, kwa siku. Tulirudi pale aliposimama babu.

Swali langu kwenu ni moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofika mwezi, ajira yake yageuka, si kibarua tena. Sheria hii haijafutwa. Mwaka 2019 tuliona serikali ina nguvu ya kuamuru kila kontena liendalo Nairobi na bara lipande reli mpya, na makontena yakapanda. Basi kwa nini twaambiwa haina nguvu ya kumfanya mwajiri amwandike mtu aliyembebea mizigo miaka kumi?

Kongowea_Jumla

Waaleikum salaam. Kaka, nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na nakuheshimu kwa sababu ya mzee wako. Lakini mfano wako wa mwisho ndio unaonithibitishia mimi kwamba serikali ndiyo ugonjwa.

Nilikuwa na malori matatu na ua mdogo wa kuhifadhia mizigo. Amri ya Agosti 2019 haikutoka sokoni. Ilitoka ofisini. Reli yenyewe ilianza kubeba abiria 2017, ikajengwa kwa mkopo wa China wa mabilioni, na mzigo haukuwa ukiipenda kwa sababu lori lilikuwa rahisi na lamfikisha mteja mlangoni. Basi mzigo ukalazimishwa. Madereva wangu walilala bila kazi. Mariakani, Maungu, Voi, vile vibanda vya chai na gereji za kando ya barabara vilikufa kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nikienda kwenye maandamano ya kila Jumatatu na mke wangu. Mahakama Kuu hapa Mombasa ilisema Novemba 2020 kwamba amri ile ilikuwa kinyume cha sheria, na ikangojwa hadi Septemba 2022 rais mpya aapishwe ndipo atangaze mizigo irudi. Mimi nilikuwa nimekwisha uza lori mbili.

Sasa wewe wataka mkono uleule ulionivunja uongezewe nguvu? Mimi nataka barabara nzuri, ushuru wa haki na amani. Mengine tuachieni.

MwanaWaKuli

Pole sana kaka, na pole ya kweli. Maandamano yale hata mimi nilikuweko siku mbili.

Lakini hebu tazama amri ile ilimlinda nani. Mwaka 2014 bandari yetu ilitia saini mkataba wa kuhakikisha mzigo wa kiasi fulani wapelekwa kwa reli, kwa sababu mkopo lazima ulipwe. Mkopeshaji alitaka uhakika, na uhakika ule ukawa wewe na malori yako. Serikali haikuingia sokoni ili kuua soko. Iliingia kama mdhamini wa deni. Wewe hukuvunjwa na serikali kubwa mno, ulivunjwa na serikali iliyokuwa imeshika mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana nasema suala si ukubwa wake.

Maalim_Tudor

Wanangu, niruhusuni mzee niongeze, maana nimefundisha uchumi na historia miaka mingi na vijana hukariri tarehe bila kuona zinavyofungamana.

MwanaWaKuli amegusa jambo ambalo si la Mombasa peke yake. Soko la hisa la New York lilipoanguka Oktoba 1929, mwanzoni Marekani iliingilia kidogo tu, ikitumaini uchumi utajiponya. Kufikia 1933 karibu robo ya wafanyakazi hawana kazi na benki zaanguka kwa maelfu. Rais Roosevelt alipoapishwa Machi 1933 alizifunga benki zote kwa siku kadhaa, kisha mwaka huo ikawekwa bima ya amana na benki za kawaida zikatenganishwa na zile za kucheza na hisa. Mwanauchumi Muingereza Keynes alikuwa akieleza kwamba watu wakiacha kununua na wenye mali wakiacha kuwekeza, hakuna wa kuanza kutumia isipokuwa serikali. Baada ya vita nchi nyingi za Ulaya zikafuata njia hiyo. Hospitali, pensheni, kazi. Na hata pale walisukumwa na vyama vya wafanyakazi, na kwa hofu ya Ukomunisti. Kwa hiyo babu yako hapa Kilindini, kijana wangu, alikuwa ndani ya wimbi lilelile.

Kisha likageuka. Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani alikata uhusiano wa dola na dhahabu. 1973 bei ya mafuta ikapanda, katika miezi michache ikawa mara nne hivi. Bei zapanda na kazi zapungua kwa pamoja, jambo ambalo dawa ya Keynes haikuwa imeandaliwa kulitibu. Thatcher akaingia Uingereza 1979, Reagan Marekani 1981, na neno likawa serikali ipungue. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wa kurekebisha muundo wa uchumi, 1980. Wafadhili walipozuia misaada Novemba 1991 tulibanwa, na 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 huku udhibiti wa bei na wa fedha za kigeni ukiondolewa. Barua ya babako ina mizizi huko.

Na walioamrisha serikali zipungue, 2008 walifanya nini? Benki ya Lehman Brothers ilianguka 15 Septemba, na kabla ya wiki tatu kwisha bunge la Marekani lilikuwa limeidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Hapo sauti ya waliosema soko lijiponye haikushinda.

Ila nakupinga mahali pamoja, kijana wangu, na si padogo. Wewe wazungumza kana kwamba serikali huchagua upande kama mtu achaguaye kiti. Marekani yaweza kukopa kwa fedha inayoichapisha yenyewe. Sisi sehemu kubwa ya deni letu la nje twadaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024, kabla ya kulipa ule mkopo wa dola bilioni 2 wa 2014, shilingi ilifika karibu 160 kwa dola moja, na Februari tukakopa tena dola bilioni 1.5 kwa riba inayozidi asilimia 10 ili tununue sehemu ya deni la zamani. Serikali ya namna hiyo hata ikitaka kusimama na kibarua, mkono wake umefungwa mahali. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kuukataa mswada wa fedha, na mswada ukaondolewa baada ya watu kupoteza maisha, deni halikuondolewa pamoja nao.

MwanaWaKuli

Maalim, hilo nalikubali, na nalifikiria tangu jana usiku. Lakini kifungu cha 37 hakihitaji dola hata moja. Kinahitaji mkaguzi wa kazi aingie getini akiwa na daftari. Kuna mambo serikali haiwezi kwa sababu ya deni, na kuna mambo haifanyi, kisha yasema ni deni. Tusiyachanganye.

BintiMjiWaKale

Nyote mwazungumza bandari, reli na benki. Mimi nataka kusema ya nyumbani, maana huko ndiko serikali "ilipopungua" kwa kweli.

Mwishoni mwa 1989 wagonjwa walianza kulipishwa katika hospitali za serikali. Kelele zilipozidi malipo ya wagonjwa wa nje yalisitishwa mwaka uliofuata, kisha yakarudishwa kidogo kidogo. Mama yangu alikuwa na watoto watano na mkwe mgonjwa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na muuguzi mwenye mshahara ilihamia kwake. Kuosha vidonda, kukesha, kuchemsha majani, kutembea nyumba kwa nyumba kuomba nauli ya feri. Katika vitabu vya serikali gharama ilipungua. Haikupungua, ilipewa mama yangu, na yeye hakuandikwa popote. Hadi leo vidole vyake havikunjuki vizuri.

Nikaiona tena Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona. Ghafla serikali iliyokuwa haina uwezo ikawa na uwezo. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14, wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaachiwa kodi yote. Lakini tazameni, nafuu ilikwenda kwa mwenye hati ya mshahara. Mume wangu alikuwa akiuza viazi karai jioni Forodhani, na shangazi yangu alikuwa akipika mahamri. Hati ya mshahara wataitoa wapi? Kilichotulisha ni majirani na misikiti. Januari 2021 kodi ya ongezeko la thamani ikarudi asilimia 16, na viazi pia tulianza kuvitolea kodi nyingine za jiji.

Kaka MwanaWaKuli, ukisema serikali yasimama na nani, usihesabu wafanyakazi wa bandari peke yao. Wengi wetu hatujawahi kuwa hata vibarua wa mtu.

Chumbageni_TA

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Naomba kuchangia kama jirani.

Sisi tulijaribu njia nyingine. Azimio la Arusha Februari 1967, na ndani ya siku chache benki zikawa za umma. Baba yangu alifanya kazi shirika la umma la mkonge, na nakiri kulikuwa na hasara na uzembe, watu walikuwa wanakaa foleni za sukari na sabuni, hilo silifichi. Lakini kulikuwa na shule na zahanati kijijini kwetu ambazo kabla yake hazikuwepo. Mwalimu alipingana na masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, hadi alipong'atuka 1985, na 1986 chini ya Mzee Mwinyi tukatia saini. Mashirika yakauzwa moja baada ya jingine. Kwa hiyo nyie mlioanza na ubepari na sisi tulioanza na Ujamaa tulifika mlango mmoja, kwa tofauti ya miaka sita.

Bandari ya Dar kitengo cha makontena kilikodishwa mara ya kwanza 2000, na Oktoba 2023 mkataba wa miaka 30 ukasainiwa na DP World, kampuni ya Dubai, kwa sehemu ya magati. Mjadala ulikuwa mkali sana kwetu, maaskofu, mashehe, wanasheria, kila mtu. Nilichojifunza ni kwamba hata anapokuja mwekezaji, serikali ndiyo inayomhakikishia ardhi, kodi, ulinzi na mahakama ya kwenda kushtaki. Hakuna mwekezaji anayetaka serikali dhaifu. Anataka yenye nguvu kwake.

Kongowea_Jumla

Chumbageni, hiyo foleni ya sukari uliyoitaja kwa mstari mmoja ndiyo maisha ya watu kwa makumi na mamia. Msiipite haraka. Marehemu baba alikuwa akivusha sabuni Lungalunga kwenda kwenu kwa baiskeli, kwa sababu dukani kwenu haikuweko.

Lakini dada wa Mji wa Kale amenigusa. Mimi nilisema serikali iniachie nifanye kazi, na sasa najiuliza ni nani aliyebeba mzigo nilipokuwa nikihesabu faida. Mke wangu ndiye aliyemtunza mama yangu miaka minne. Sikuwahi kulipia hiyo kwenye hesabu za malori.

Shimanzi_Usiku

Salaam nyote. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumza. Nasoma kwa simu, tumekaa nje ya geti twangoja majina ya zamu.

Nataka kumjibu aliyeanzisha uzi kuhusu kifungu cha 37. Wanakijua vizuri kuliko sisi. Mimi hufanya kazi siku ishirini na mbili, ishirini na tatu, kisha jina langu halitoki. Siku sita, saba, nakaa nyumbani. Halafu ujumbe waingia kwenye simu, njoo. Mwezi haukamiliki hata mara moja. Nimefanya hivyo tangu 2014. Jina la kampuni limebadilika mara tatu, msimamizi ni yuleyule na buti ni zilezile.

Tumewahi kwenda kulalamika sehemu. Tuliulizwa, mna ushahidi gani?

MwanaWaKuli

Ndugu yangu, na mlikuwa nao?

Shimanzi_Usiku

Mimi ninao. Mke wangu alinishauri mwanzoni niandike kila zamu, ili ajue atapangaje matumizi. Tarehe, gati, meli, saa ya kuingia na kutoka, nililipwa ngapi. Ni madaftari manne, la tano nimelianza Ramadhani iliyopita. Ujumbe wa kuitwa pia sijafuta tangu ninunue simu hii.

Maalim_Tudor

Mwanangu, usilale bila kusikia hili. Kifungu hicho kina sehemu mbili. Hiyo ya mwezi ndiyo wanayoikwepa kwa kukukalisha nyumbani. Sehemu ya pili yazungumzia aina ya kazi. Kibarua akipewa kazi ambayo kwa mtazamo wa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu kwa jumla, basi naye ajira yake yageuka. Sasa kushusha meli Kilindini ni kazi ya kumalizika lini?

Mimi si wakili, na hili lahitaji wakili. Lakini madaftari yale yatoe hapo ulipoyaweka uyatie ndani ya kitu kisichoingia maji.

Shimanzi_Usiku

Yako juu ya kabati, ndani ya mfuko wa unga. Nikitoka zamu nitayashusha. Niyalete wapi?

MwanaWaKuli

Jumamosi baada ya Alasiri, Mwembe Tayari, kwenye mkahawa ulio mkabala na stendi ya mabasi. Nitakuja na baba. Yeye bado ana barua yake ya kuandikwa na ile ya kufutwa, zote mbili. Kama una wenzako wenye hata karatasi moja, waje nayo.

BintiMjiWaKale

Na mkeo aje. Yeye ndiye aliyesema uandike.

Shimanzi_Usiku

Nitamwambia. Majina yameanza kusomwa, nazima simu.